Nipe Mji

Bi Mize aliomba simu ampigie binti yake, na nyumba nzima ikamuuliza binti gani.

Alikuwa amekaa busatini, miguu ameinyoosha, hana wasiwasi wa lolote, maana ilikuwa Ijumaa na kila Ijumaa baada ya chakula alimpigia Kazija. Simu ilikuwa kwa mwanawe, Makame. Makame akaacha kutafuna.

"Kazija ndiye nani, Mama?"

"Usinitanie nimeshiba. Dada yako."

"Mimi sina dada."

Alilisema hilo kama mtu anavyosema hana kiberiti. Shemsa, mkewe, aliendelea kukusanya sahani, moja juu ya moja. Zuwena, binti yao wa miaka tisa, akasogea karibu na bibi yake macho yakimng'aa, akidhani kitendawili kimeanza.

"Kazija wa Mwanjale!" Bi Mize akapaza sauti. "Aliyekulea wewe Makame mgongoni mpaka mgongo ukampinda! Kazija!"

"Mwanjale," Shemsa akarudia taratibu, kama anayeonja. "Ni chakula hicho, Mama?"

Bi Mize akainua macho ukutani, kwenye picha ya siku Kazija alipoolewa, waliyopigwa mama na binti wamekumbatiana. Picha ilikuwepo, na fremu ileile iliyoliwa na mchwa pembeni. Ndani yake alikuwemo Bi Mize peke yake, anacheka, mkono mmoja ameuinua kando, amekumbatia hewa. Na vidole vyake pale hewani vilikuwa vimebana kitu, maana vilikuwa vimekunjika kama vinavyokunjika juu ya bega la mtu.

"Yarabi," akasema. "Yarabi, mmemfanya nini mwanangu?"

"Mama ana homa," Makame akamwambia mkewe.

Sasa, jambo la kulijua kuhusu nyumba ile ni kwamba ndiyo iliyokuwa na kumbukumbu nzuri kuliko zote mtaani. Makame aliweza kutazama karata hamsini zikifunuliwa, kisha akazitaja zote kwa mpangilio, kuanzia mwanzo au kuanzia mwisho, upendavyo. Shemsa alihifadhi namba za simu za watu asiowajua. Zuwena aliangalia sinia lenye vitu thelathini, akafumba macho, kikaondolewa kimoja, akasema ni pini. Haya yote yaliletwa na sanduku. Lilitoka Makao, mji wanakokaa wenye amri, na kila nyumba ilipewa lake: jeusi, dogo kama kopo la chai, lina taa mbele na sauti ya mwanamke mpole. Karatasi iliyokuja nalo ilisema kwamba familia zimekuwa na akili zinazotangatanga, na kwamba kila siku baada ya alasiri, wote wa nyumba moja wakae meza moja wacheze mazoezi ya akili, ili wakumbuke vizuri na watulie. Nani angekataa? Watu walikuwa wameshaacha hata kula pamoja. Sanduku liliwarudisha mezani. Bi Mize mwenyewe aliliombea dua siku ya kwanza, akalifunika kwa kitambaa alichokidarizi kwa mkono wake.

Ila karata zilimshinda, na namba za kurudi nyuma zilimshinda zaidi. Shule yake ilikuwa ile ya kusoma barua na kujumlisha vibaba, basi. Alikuwa akikaa pembeni ya meza kama mgeni aliyechelewa, wenzake wanashangilia, yeye anatabasamu. Mpaka walipofika ngazi ya saba, sanduku likasema: Sasa leteni mchezo wa kwenu.

"Vitendawili!" Bi Mize alipayuka kabla mtu hajafumbua kinywa. Na hapo akawa msichana tena. Akalifundisha sanduku, kwa subira, kama anavyofundishwa mtoto. Mtegaji anasema kitendawili, wenzake wanasema tega. Anatega. Wakishindwa, anawaambia nipe mji. Mwenye kushindwa anampa mji, mji wowote, na mshindi anaupokea, anatembea humo kwa maneno, anasifu alivyokaribishwa na alivyolishwa, ndipo anapolifungua jibu. Usitoe kijiji cha ovyo, Bi Mize alisisitiza, hiyo dharau. Toa mji mzuri, mji unaoupenda, mwenzako aone raha.

"Nimeelewa," sanduku likasema. "Mwenye kushindwa hutoa mji anaoupenda."

Ijumaa ile, baada ya kuiona picha, Bi Mize hakukaa kitako. Alivaa buibui lake, mchana ule ule, akaishika barabara ya Mwanjale kwa miguu. Aliijua. Inapita kwenye kiwanda cha chumvi, inakata kulia kwenye kisima kilichozibwa, halafu inanyooka. Kiwanda kilikuwepo. Kisima kilikuwepo. Alipokata kulia, barabara ikamchukua, nyeupe, haina nyayo za mtu, na jua limesimama palepale, halipandi wala halishuki. Alitembea mpaka kivuli chake kikachoka, kikabaki nyuma. Alimkuta mwanamke kakaa juu ya jiwe na furushi, amevaa buibui kama lake.

"Unakwenda wapi, mwenzangu?"

"Sijui," mwanamke akasema. "Nilikuwa natokea mahali. Wewe huendi kwenu?"

"Nakwenda Mwanjale kwa binti yangu."

"Una bahati," akasema yule. "Wewe bado una jina la kuuliza."

Akaendelea. Barabara ikapinda kidogo, ikawa na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, na mbele yake akauona mlango wa bluu, kizingiti kimelika katikati. Akausukuma. Ulikuwa mlango wa jikoni kwake mwenyewe. Shemsa alikuwa bado ana sahani zilezile mkononi, maji ya beseni bado hayajapungua, na ilikuwa bado Ijumaa, bado baada ya chakula.

Akakaa kitako pale pale mlangoni.

Kusahau ni nini? Mtu akipoteza kisu, anajua amepoteza kisu, anakitafuta, anawalaumu watoto. Kisu kimepotea lakini pengo lake lipo, lina umbo la kisu. Mtu akisahau, pengo nalo limekwenda. Nyumba inajifunga juu ya pengo kama maji. Anayesahau hana huzuni, na hiyo ndiyo hofu yenyewe, kwamba unaweza kunyang'anywa mtoto na ukaendelea kuosha sahani. Sasa nani wa kumwambia Bi Mize kwamba Kazija ndiye pekee aliyepotea? Pengine alizaa watano. Pengine alikuwa na mume wa pili, mpole, mpiga soga, na akamtoa mezani alasiri moja huku anacheka. Alijipapasa tumbo kupitia kanga, akitafuta hesabu humo. Tumbo halikusema.

"Shemsa, mwanangu," akaita. "Wewe kwenu wapi?"

Shemsa akacheka. "Mama naye! Kwetu si..." Akasimama na sahani. "Kwetu ni..." Akamtazama mumewe. Makame akajikuna kidevu. "Nilikuoa wapi vile?" Makame akasema. Shemsa akaiweka sahani chini polepole, akachukua nyingine akaanza kuiosha, na ile nyingine ilikuwa safi tayari.

Basi Bi Mize alichukua kopo akaenda uani anawe miguu, maana alitaka kufanya kitu ambacho mikono yake inakijua. Akashika sabuni. Ilikuwa imebaki kipande, nyembamba kama ukucha wa jini. Na pale, kipande kile kikamteleza mkononi, akakumbuka.

Ilikuwa juzi. Zuwena alikuwa amesimama kwenye kiti, mikono nyuma, ana kitendawili chake alichokitunga mwenyewe njia nzima kutoka chuo cha Kurani. "Kitendawili!" "Tega!" "Anaogesha nyumba nzima, na kila akiogesha anakonda!" Akamwangalia bibi yake kwa majivuno. Makame na Shemsa walikuwa wamechelewa kazini siku hiyo, na zamu ya kutegua ilikuwa ya Bi Mize. Naye alikijua. Alikijua kabla mtoto hajamaliza sentensi. Lakini ni bibi gani anayemvunja mjukuu moyo? Akashika kichwa, akaguna, akataja mvua, akataja kisima, akasema eti ni tembo, mtoto akacheka mpaka akashuka kwenye kiti. "Nimeshindwa, mwanangu. Umenishinda." "Nipe mji!" Na Bi Mize, apate kumfurahisha sawasawa, alimpa mji mtamu kuliko yote aijuayo, mji anakokaa Kazija, shangazi yake mtoto, wenye marikiti ya samaki na ngoma za harusi. "Nakupa Mwanjale." Taa ya sanduku ikawaka kijani. Zuwena akatembea Mwanjale kwa maneno, akala pweza, akapokewa na watu wote.

Ndiyo maana yeye peke yake alikuwa anakumbuka! Walioshindwa kweli walitoa na kusahau walichotoa, na wengine wote wakasahau pamoja nao. Yeye hakushindwa. Aliutoa mji kwa mdomo, ndani ulikuwa haujatoka.

"Sabuni," akasema peke yake pale uani. Na kwa mbali, upande ambao hapakuwa na kitu, akasikia mtu anapiga chafya, chafya ya Kazija, mbili mbili.

Alasiri walikaa mezani kama kawaida. Taa ikawaka.

"Karibuni familia," sanduku likasema. "Leo mko makini sana."

"Kabla hatujaanza," Bi Mize akasema, "mimi nina neno. Juzi nilisema uongo."

"Mama, acha," Makame akanong'ona.

"Nilisema nimeshindwa. Sikushindwa. Jibu ni sabuni, na nililijua tangu mtoto anafungua mdomo. Mji wa Mwanjale haukutolewa kwa haki. Nautaka."

Sanduku likajibu kwa sauti ileile ya upole: "Mji ni wa mshindi. Mshindi akubali kwamba hakushinda."

Wote wakamgeukia Zuwena. Mtoto alikuwa ameshikilia ukingo wa meza, uso umemwiva.

"Bibi, ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Ukasema tembo!"

"Nilisema."

"Na ile ya mkeka?"

"Nayo niliijua."

"Na ile ya siku nilipougua tetekuwanga, mkaja wote kitandani, ukasema hujawahi kusikia ngumu kama ile katika maisha yako yote?"

Bi Mize alitamani angalau moja. Mungu wangu, moja tu, aseme hapana, ile ulinishinda kweli. Lakini alijua sasa uongo unakula nini. "Nayo," akasema.

Zuwena hakulia kwa sauti. Machozi yalimshuka akayaacha, akamtazama bibi yake kama mtu anavyomtazama mgeni aliyevaa nguo za ndugu yake. "Kwa hiyo mimi sina akili," akasema.

"Una akili, mwanangu. Mimi ndiye sikuwa nayo."

"Siutaki huo mji wenu," Zuwena akaliambia sanduku. "Sikushinda. Chukueni!"

Taa ikageuka nyekundu. Na ukutani, ndani ya fremu, pakawa na bega chini ya vidole, kisha shingo, kisha kicheko chote cha Kazija na meno yake yaliyopandana. Makame akapiga ukelele. Akasimama, kiti kikaanguka, akaikimbilia picha akaishika kwa mikono miwili. "Da Kazija! Mama, nilisemaje mimi? Nilisema sina!" Simu ikaanza kulia mfukoni mwake hapohapo, naye anaogopa kuipokea. Shemsa akaipokea. Sauti ikajaa chumba: "Nyie vipi? Tangu juzi nawapigia, naambiwa namba haipo. Mama yuko hai?"

Bi Mize aliichukua simu. Alipumua tu humo. "Mama? Mama, mbona unanipumulia kama ng'ombe?" Bi Mize akacheka, akalia, akasema atapiga baadaye, kwa sababu sanduku lilikuwa linasema na halikuwa limenyamaza tangu taa igeuke nyekundu.

"Familia hii haina mshindwa. Mchezo haufungiki bila mshindwa. Toeni mji."

"Kwani lazima ashindwe mtu?" Makame akafoka. "Mchezo wa nyumbani!"

"Toeni mji. Nyumba isiyotoa mji hutolewa yenyewe."

Wakatazamana. Bi Mize akahesabu vichwa pale mezani, akavihesabu tena, kama anayeogopa kuvikuta vimepungua. Kisha akapata wazo, na wazo lenyewe likamtisha lakini likampendeza pia. "Zuwena. Tega."

"Sitaki. Utanidanganya tena."

"Tega, mama. Kiwe kigumu upendavyo."

Mtoto akajifuta pua kwa mkono. Akafikiri. Akaiambia meza, siyo bibi yake. "Kitendawili."

"Tega."

"Anaonja kila chungu, chumvi haijui."

Ni upawa. Bi Mize alilijua jibu, alikuwa ameshika upawa asubuhi ile ile. Akaliinamia sanduku, akaikazia macho taa yake. "Nimeshindwa," akasema.

"Nipe mji," Zuwena akasema bila raha.

"Nakupa Makao."

Kisha ile sauti ya upole ikasema, "Tafadhali ta," na ikakatika kama uzi. Taa ikazimika. Zuwena akatembea Makao kwa maneno mawili matatu, akalitaja jibu, na alipomaliza alikuwa hakumbuki alipokuwa ametembea. Makame akaangalia meza, akaona kopo jeusi limefunikwa kitambaa kilichodariziwa, akalisogeza, akaweka juu yake kikombe cha chai. "Kitu gani hiki, Shemsa? Cha kuwekea sukari?"

Bi Mize akaegemea kiti. Ameshinda. Wenye amri wote, na amri zao, na karatasi zao, na mkono ule mrefu uliokuwa unaingia katika kila nyumba kuonja, vimekwenda, na hakuna aliyejua kuvililia. Na siri ya kwamba alilijua jibu anayo yeye mdomoni, atakufa nayo. Kazija yuko Mwanjale. Watoto wote wako mahali pao.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Saumu, jirani wa ukuta mmoja, mjane, amekuja mbio bila ushungi. Alikuwa anacheka, na mkononi alikuwa amebeba shati la kiume, jeupe, limepigwa pasi vizuri mpaka kwenye kola.

"Mize, hebu njoo unichekee. Hili shati la nani?"

Bi Mize akalitazama shati.

"Nimejikuta nimesimama na pasi, ya moto, nalipiga pasi! Nyumba nzima niko peke yangu na paka. Nimempigia nani pasi mimi? Tena angalia nilivyolikunja mikono, kwa mapenzi hasa, kama la mwanangu." Akalinusa. Kicheko kikaanza kumpungua. "Na mbona lina jasho ninalolijua?"

Lilikuwa la Ngwali. Mtoto wake pekee, aliyempata kwa miaka kumi na moja ya dawa na dua. Alikuwa akifagia korido za ofisi fulani huko Makao, hajawahi kutoa amri hata kwa kuku, na kila Jumamosi anakuja na mkate wa ufuta. Kesho ilikuwa Jumamosi.

Nyamaza, Mize, alijiambia. Nyamaza tu. Mwenyewe haumii, umemwona, anacheka. Hajui. Asiyejua hana huzuni. Ukifungua mdomo sanduku linaamka, na likiamka litataka mji, na wewe miji yako unayoipenda ni mingapi? Wako yuko salama. Nyamaza. Hata wewe ulipokuwa hujui... Lakini yeye alijua. Ndiyo tofauti yake na nyumba yote, na ndiyo adhabu yake. Alitazama vidole vya Bi Saumu, jinsi vilivyokuwa vimelibana lile shati hewani, juu ya bega la mtu asiyekuwepo.

"Bibi." Ilikuwa sauti ya Zuwena. "Unalijua."

"Lipi?"

"Jibu. La shati. Ukilificha jibu unalamba mdomo, nimekuona leo." Mtoto hakuwa na hasira tena, alikuwa na uoga. "Nani huyo?"

Bi Mize akasimama. Akakiondoa kikombe cha chai juu ya sanduku, akakiweka kando.

"Nimesema uongo mara ya pili," akaliambia lile kopo jeusi. "Sikushindwa. Ni upawa."

"Sikushinda," Zuwena akadakia haraka, kabla hajaulizwa.

Taa ikawaka nyekundu. Bi Saumu akatoa sauti ambayo si ya kulia wala ya kuita, akalikumbatia shati kifuani kwa mikono yote. "Ngwali! Ngwali wangu! Mize, nimemsahau Ngwali! Nilikuwa nacheka, Mize, umeniona nacheka!"

"Familia hii haina mshindwa," sauti ya upole ikasema, kama haijawahi kukatika. "Toeni mji. Nyumba isiyotoa mji hutolewa yenyewe."

"Mama," Makame akasema. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu. "Tutoe upi?"

"Hatutoi."

"Umesikia lilivyosema?"

"Nimesikia. Kaa."

Makame akamtazama mkewe. Shemsa alikuwa ameshaketi, mikono mapajani. "Mimi mji wa kwetu nilishautoa," akasema. "Sijui hata niliutoa lini. Sitoi kwao na mtu mwingine." Makame akainua kiti chake kilichoanguka, akakaa. Zuwena akazunguka meza, akasimama kidogo mbele ya bibi yake kama anayepima, kisha akajipenyeza kwenye kiti chake, wakakaa wawili, nusu nusu. Bi Saumu hakurudi kwake. Akavuta kigoda, akalitandaza shati magotini, akalinyoosha kola.

"Toeni mji."

Hakuna aliyefumbua kinywa. Upande wa pili wa ukuta, katika nyumba tupu ya Bi Saumu, sanduku jingine likaanza kuuliza, na la nyumba ya tatu likaitikia, sauti ileile ya upole ikishuka mtaa mzima mlango kwa mlango, toeni mji, toeni mji. Bi Mize akaweka kidole mdomoni kumwonyesha mjukuu anyamaze, akatega sikio kusikiliza kama kuna nyumba itakayojibu.